Tupeane uzoefu: Kuendesha gari Japani na kuendesha gari China

Mleta mada

Ndugu wanachama, niliishi Nagoya kwa miaka sita kabla ya kuhamishiwa Guangzhou kikazi, na katika nchi zote mbili nimeendesha gari karibu kila siku. Japani haikunisumbua kwa upande wa barabara, kwa sababu wanashika kushoto kama sisi na usukani uko kulia, kama ule wa gari langu la Dar es Salaam ambalo nalo lilitoka hukohuko. China wanashika kulia, na wiki ya kwanza nzima kila nilipotaka kuwasha indiketa niliwasha waipa, jua likiwa kali.

Hilo hata hivyo lilipita upesi. Kilichonichukua muda ni lugha ya taa. Japani dereva wa mbele akikumulika mara mbili kwenye makutano, amekuambia upite. Nawe ukishapita, au ukiruhusiwa kuingia kwenye foleni, unawasha taa zote nne za pembeni kwa sekunde chache kumshukuru. Jioni moja Guangzhou nilikuwa nakata kona ya kushoto, gari la mbele likanimulika mara mbili, nikainua mkono kushukuru na kuingia. Halikupunguza mwendo hata kidogo. Lilipita mbele ya pua yangu likiacha honi ndefu nyuma yake, na mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa kiti cha pembeni akanieleza, baada ya kupata pumzi, kwamba kumulikwa kule kulikuwa na maana ya “napita mimi, kaa hapohapo”. (Kwetu kumulikwa mara nyingi ni taarifa kwamba trafiki yuko mbele, lakini hilo ni somo jingine.)

Naomba mlioendesha katika nchi hizi mtueleze yaliyowakuta. Sitafuti nchi iliyo bora. Nataka kujua ni desturi ipi iliwachukua muda kuizoea.

Mwanachama, Yokohama

Mimi nianze na leseni, maana huko ndiko nilikonyooshwa. Leseni ya Tanzania haimo kwenye orodha ya zile zinazobadilishwa Japani bila mtihani, hivyo nilifanya wa maswali na wa vitendo. Wakati wangu maswali yalikuwa 10 na ukipata 7 umefaulu. Tangu Oktoba 2025 ni 50, na alama ya kufaulu ni asilimia 90. Wa vitendo ulinirudisha nyumbani mara tatu, mimi niliyeendesha lori kati ya Dar na Tunduma kwa miaka minane.

Mara ya kwanza nilipanda gari bila kulizunguka na kuinama kutazama kama kuna kitu mbele au chini yake. Mara ya pili nilikata kona ya kushoto nikiwa nimetazama kioo tu. Mtahini alitaka kichwa chenyewe kigeuke, ili nione kama kuna baiskeli inayokuja ubavuni. Mara ya tatu nilikuwa na uhakika nimefaulu, lakini mzee yule aliniambia kwa upole mkubwa kwamba kwenye alama ya “tomare”, ile pembetatu nyekundu iliyogeuzwa kichwa chini, gari langu lilitambaa na halikusimama. Nilibishana naye. Akanirudisha hadi kwenye ule mstari mweupe, akanionyesha kwa kidole mahali ambapo magurudumu yangu yalipaswa kutulia, na nikaona sina la kusema.

Mwanachama, Shenzhen (zamani Fukuoka)

Kwa kulinganisha na ndugu wa Yokohama: China haikubali kibali cha kimataifa cha udereva, lakini mgeni mwenye leseni halali ya nchi yake, kwa gari dogo, anapimwa afya, anatafsiri leseni yake, kisha anafanya mtihani wa maswali 100 ambao unahitaji alama 90. Nilikesha nikikariri ishara za mikono za askari wa barabarani, ambazo tangu hapo sijaziona zikitumika hata mara moja. Nilipewa leseni bila mtu yeyote kuniona nikishika usukani.

Ninalotaka kusimulia hasa ni habari ya pombe, kwa sababu nchi zote mbili ni kali na kila moja imebuni njia yake ya kumfikisha mnywaji nyumbani. Japani, tangu marekebisho ya sheria ya 2007, anayekunywesha huku akijua utaendesha ana adhabu yake, na abiria anayepanda akijua umelewa naye ana yake. Ndiyo maana mhudumu wa baa Fukuoka aliniuliza nimekuja na usafiri gani kabla hajanimiminia. China kuendesha ukiwa mlevi kabisa, yaani miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, ni kosa la jinai tangu Mei 2011.

Fukuoka nilipiga simu wakaja watu wawili ndani ya gari moja. Mmoja alichukua usukani wangu, wa pili akatufuata nyuma kwa gari lao, tukaenda kama msafara mdogo wa harusi hadi nyumbani. Shenzhen alikuja kijana mmoja amevaa kofia ngumu, juu ya skuta ya umeme isiyozidi urefu wa mtoto wa shule. Akaikunja, akatandika kitambaa kwenye buti ili asichafue zulia langu, akailaza humo na kunipeleka. Tulipofika aliitoa, akaikunjua na kutoweka gizani kumtafuta mteja mwingine. Nilibaki nimesimama nikiwaza wale wawili wa Fukuoka na gharama ya mafuta yao.

Mwanachama, Saitama

Langu ni fupi. Japani lazima usimame kabla ya reli hata kama kizuizi kiko juu, kengele haijalia na hakuna treni upeo wa macho yako. Sikusimama, askari alikuwa amejificha baada ya kona, na nililipa.

Mwanachama, Hangzhou (zamani Osaka)

Nawaomba radhi wapenzi wa Japani, lakini kwenye kivuko kisicho na taa sifa za nchi ile zina doa. Chama cha wenye magari cha huko, JAF, hupima jambo hili kila mwaka: mwaka 2016 ni asilimia 7.6 tu ya magari yaliyosimama mtu alipotaka kuvuka, na mwaka 2023 yalifika asilimia 45.1. Nimesimama Osaka na kigari cha mtoto, magari saba yakapita, kila dereva akiwa ametazama mbele kwa adabu zote.

Nilihamia Hangzhou nikitarajia mabaya zaidi. Siku ya pili nilisimama ukingoni mwa barabara nasoma simu, sina hata nia ya kuvuka, basi likasimama, na magari nyuma yake yakasimama pia. Niliona haya nikavuka. Dereva wa jirani yangu anasema kinachowasimamisha ni kamera, kwa kuwa kutompisha mtembea kwa miguu kunakata alama tatu kati ya 12 ulizo nazo kwenye leseni kwa mwaka. Sijali kinachowasimamisha. Angalizo langu ni moja: China taa nyekundu ya duara haimzuii anayekata kulia, ambapo Japani huwezi kukata kona kwenye nyekundu bila mshale wa kijani. Kwa hiyo hata ukiwa na kijani chako cha kuvukia, tazama kushoto, na uzitazame mara mbili zile pikipiki za umeme, maana hazina mlio.

Mwanachama, Dar es Salaam

Mimi sijafika huko kote, ila nina swali. Gari langu lilitoka Japani, na kila ninapoliwasha mwanamke anazungumza Kijapani kwa heshima kubwa. Mke wangu sasa anamwitikia. Anasema nini?

Mwanachama, Yokohama

Anakuarifu kwamba kadi ya ETC haijachomekwa. Hicho ni kisanduku cha kulipia barabara za mwendo kasi. Ukiwa na kadi unapita getini kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa na kizuizi kinainuka chenyewe.

Mleta mada

China nao wanacho, kinabandikwa kwenye kioo cha mbele. Sikukuu kubwa nne magari madogo hayalipi kabisa, na mwaka jana nilijifanya mjanja nikasubiri saa sita usiku ili niingie bure. Nilikuta maelfu wamekuwa wajanja kabla yangu, tukalala barabarani.