Kikundi cha maombi hakina kiongozi, hela zimezua maneno. Nishaurini

Mzabibu_Nkuhungu: Wakuu, shikamooni wakubwa. Miaka sita sasa tunasali kila Jumatano sebuleni kwetu hapa Nkuhungu, Dodoma. Tulianza tisa. Hakuna mchungaji wala mwenyekiti. Anayeguswa anaomba, mwingine anapokea. Wengi tulikimbia ugomvi wa vyeo tulikotoka. Sasa tumefika arobaini na ushee. Juzi mwenzetu kafiwa, tukachanga laki tatu na nusu kwenye simu ya dada mmoja. Mfiwa akapata laki mbili. Dada anasema iliyobaki alimlipia matibabu mtoto wa mwanakikundi mwingine, na kweli alilipa. Ila nani alimruhusu? Hakuna wa kumuuliza, hakuna wa kumtetea. Nusu wanataka uongozi, nusu wanasema tutakuwa tumempokonya Mungu kiti chake.

Bibi wa Kongwa: Marahaba mwanangu. Soma Matendo sura ya 6. Wajane walisahaulika kwenye mgao, manung'uniko yakaanza, wakachaguliwa watu saba. Na mitume walikuwepo pale pale!

Mchokozi: Asome na 1 Samweli 8. Waisraeli walililia mfalme, wakaambiwa atachukua wana wao, mashamba yao na mizabibu yao. Sisi watu wa Dodoma tukisikia mizabibu inaguswa tushtuke, hahaha.

Abuu K: Kwetu Waislamu tumefundishwa hata watu watatu wakisafiri wamweke mmoja awe amiri. Lakini msikitini kwetu imamu anaswalisha, hela ziko kwa kamati. Ukichanganya hayo mawili ndipo moto unapowaka.

Karani: Serikali haitawachagulia mtu. Ibara ya 19 ya Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ila mkitaka kusajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, Msajili yupo Wizara ya Mambo ya Ndani, hapo hapo Dodoma. Ataomba katiba yenu na majina ya viongozi. Mtaandika nini?

Mchokozi: Waandike Roho Mtakatifu, namba ya simu waache wazi.

Mzabibu_Nkuhungu: Mchokozi wewe! Bibi, umenishika pabaya. Jumatano nitapendekeza wawili washike hela na mmoja daftari, mwaka mmoja tu. La mwenyekiti sijaligusa. Dada mwenyewe kanipigia jioni hii, yuko tayari kukabidhi. Anauliza amkabidhi nani.