Saa ya mfukoni ya Waltham: mishale haisogei na namba zake mbili hazifanani

Mchanga_wa_Saa
Wadau habari za saa hizi, naomba msaada kwa wanaozijua saa za mfukoni za Kimarekani. Jumamosi nilipita nyumba moja huku Ohio walikuwa wanauza vitu vya marehemu baba yao, nikakuta saa kubwa nzito ina mfuniko mbele na nyuma imechorwa treni inatoa moshi, nikaipenda palepale nikatoa dola 140. Dada aliyeniuzia akasema hiyo ni saa ya reli, yaani zile za wafanyakazi wa treni. Nimefika home nikafungua nyuma nikakuta mashine imeandikwa P.S. Bartlett, Waltham, Mass. na namba inayoanzia milioni 6, ila kwenye kava kuna namba nyingine kabisa. Sasa je nimepigwa? Halafu nikiijaza kwa kuzungusha kitufe inatembea kama dakika kumi inasimama, na nikivuta kile kitufe cha juu nirekebishe saa hakitoki, nikikaza zaidi naogopa ntavunja. Jamaa yangu mmoja ananishauri nitafute kava lingine safi niihamishie mashine maana hili limeanza kuchubuka pembeni. Nifanyeje jamani?

FundiMstaafu
Kijana, kwanza kabisa acha kuvuta hicho kitufe, usikiguse tena. Saa nyingi za Waltham za ukubwa huo na umri huo hazirekebishwi kwa kuvuta kitufe, zinarekebishwa kwa leva. Fungua mfuniko wa mbele, halafu fungua taratibu na ile fremu iliyoshika kioo, tumia ukucha tu usitumie bisibisi. Angalia ukingo wa uso wa saa mzunguko mzima, utaona ncha ndogo ya chuma imejificha, hiyo ndo leva. Ivute nje polepole kwa ukucha, hapo sasa ukizungusha kitufe mishale itasogea, ukimaliza irudishe ndani kabisa ndo ufunge kioo.

Kuhusu reli. Mchoro wa treni kwenye kava ulikuwa pambo, aliyetaka ananunua, awe mkulima awe nani. Saa ya reli inatambulika kwa mashine. Na hadithi yake iko hukohuko Ohio uliko, mahali panaitwa Kipton, Aprili 1891 treni mbili ziligongana uso kwa uso, ya barua na ya abiria, kwa sababu saa ya dereva mmoja ilisimama dakika nne hivi kisha ikaendelea kutembea yenyewe bila mwenyewe kujua. Yeye anaamini bado ana muda wa kufika kwenye njia ya kupishana kumbe muda umeshaisha. Makarani wa posta waliokuwa wanapanga barua ndani ya behewa wakafa pamoja na madereva. Baada ya hapo ndo sonara wa Cleveland, Webb C. Ball, akapewa kazi ya kukagua saa za wafanyakazi wa reli, na masharti yakakazwa: uso uwe wazi bila mfuniko ili mtu aone saa kwa kutupa jicho, vito (vijiwe vigumu ndani ya mashine vinavyopunguza msuguano) visipungue 17, iwe imepimwa itembee sawa kwa mikao mitano, yaani hata ikilazwa au ikisimamishwa, isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, na irekebishwe kwa leva ili mtu asije akasogeza mishale bila kujua wakati anaijaza. Yako ina mfuniko, na Bartlett, aina ya mashine ya Waltham uliyonayo, za kipindi hicho kwa kawaida zina vito 15. Kwa hiyo kwa masharti yale isingepita, lakini ni mashine nzuri sana ya miaka ya 1890, mi nimezifungua nyingi na chuma chake bado kinanifurahisha.

BintiWaLancaster
Naongezea hapo kwenye namba, hujapigwa kaka. Zamani viwanda kama Waltham na Elgin viliuza sana mashine bila kava, na makava yalitengenezwa na makampuni mengine kama Keystone, Dueber au Fahys, mteja anaenda kwa sonara anachagua mashine anayoiweza na kava analolipenda anafungiwa palepale. Ndo maana namba hazifanani na wala hazikutakiwa kufanana. Mwaka unautafuta kwa namba ya mashine, ya kava achana nayo.

Cha kukagua ni hiki, chukua lensi uangalie pale skrubu zinazoshika mashine zinapobana kwenye ukingo wa kava. Kama kuna alama za skrubu sehemu moja tu basi huenda hizo mbili zimekuwa pamoja siku zote. Ukikuta alama za zamani pembeni ambazo hazina skrubu ujue kava hilo lilishawahi kubeba mashine nyingine. Halafu soma ndani ya mfuniko, kama imeandikwa miaka 20 au 25 hiyo sio dhahabu tupu, ni tabaka jembamba la dhahabu juu ya madini ya bei rahisi, na miaka ndo dhamana kwamba tabaka halitaisha kabla. Kwa hiyo ikichubuka baada ya miaka mia na zaidi imetimiza ahadi yake mara tano. Usiisugue na dawa ya kung'arisha tafadhali, utamaliza dhahabu iliyobaki na ile treni itafutika.

kobe_mwendo
Mimi yangu ilikuwa Elgin ya leva pia, sikujua, nikakivuta kitufe kwa koleo nikasikia kitu kimelia tik, kile kifungo cha chuma kinachoshika shina la kitufe kikavunjika humohumo kwenye shingo ya kava. Imenichukua miezi kupata kingine kinachoingia na bado roho inaniuma maana ilikuwa salama mpaka ilipofika mikononi mwangu. Msikilize mzee hapo juu.

Kuhusu kubadilisha kava mi sioni ubaya moja kwa moja, ziko mashine kibao zimebaki uchi kwa sababu watu waliyeyusha makava ya dhahabu wapate hela, hizo kuzipa kava ni kuziokoa. Ila yako ina kava lake, liache. Na usiendelee kuijaza kila siku ukiona inasimama. Watu husema saa imejazwa kupita kiasi, hakuna kitu kama hicho, ni mafuta ya zamani yamekauka yakawa kama gundi na springi haina nguvu ya kusukuma. Ukiilazimisha itembee hivyo hivyo vyuma vinakulana. Peleka ifunguliwe yote isafishwe, gharama inaweza kuzidi hata hizo 140 zako, lakini ndo dawa.

Mchanga_wa_Saa
Asanteni sana aisee. Leva nimeiona! Nimeivuta kwa ukucha mishale ikazunguka laini kabisa, nikairudisha. Alama za skrubu ziko sehemu moja tu. Ila kwa lensi nimeona kitu kingine ndani ya mfuniko wa nyuma, kuna maandishi madogo sana yamekwaruzwa kama kwa sindano, herufi mbili na namba, yako matano, la mwisho linasomeka kama 6-31. Hayo ni nini? Niyafute?

FundiMstaafu
Usifute! Hizo ni alama za mafundi, kila aliyeisafisha aliandika herufi zake na tarehe ili saa ikirudi aijue kazi yake. Hiyo ya mwisho nadhani ni Juni 1931. Zipige picha kabla hujaipeleka, na yule dada aliyekuuzia kama bado unaweza kumpata mtumie, pengine mojawapo ya hizo tarehe ni ya mtu wa kwao.

Mchanga_wa_Saa
Namba yake ninayo. Namtumia leo jioni.