Mhazini atafutwe kwenye rekodi za mahakama kabla ya kushika pesa za misiba? (Wadau wa Texas)

Mwana_wa_Houston
Wadau, habari za mihangaiko. Uchaguzi wa chama chetu ni mwezi ujao, na kiti kinachoninyima usingizi ni cha mhazini. Kumsafirisha marehemu kutoka hapa hadi Dar au Nairobi ni maelfu ya dola, na pesa zote zinapita kwa mtu mmoja. Rekodi za mahakama hapa ziko wazi. Ingia tovuti ya karani wa mahakama wa kaunti ya Harris, hapa Houston, andika jina, kesi zinamwagika. Napendekeza kila mgombea atafutwe, na kitakachopatikana kiwekwe kwenye grupu la WhatsApp kabla ya kura. Rekodi haisemi uongo. Mnasemaje?

Binti_Pangani
Naunga mkono kwa mikono miwili. Msiba wa mwisho tulichanga wiki nzima, hesabu mpaka leo sijaziona.

Kibarua_wa_Usiku
Kukamatwa si kuhukumiwa, kaka. Ukiingizwa jela ya kaunti unapigwa picha saa hiyohiyo, na picha inasambaa hata wakili hujampata. Kesi ikifutwa hakuna anayezunguka kuwaambia waliokuona.

Mwana_wa_Houston
Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Mbona umeruka wa kwanza?

Kibarua_wa_Usiku
Unaniita mwizi mbele za watu? Haya, nitasema mwenyewe. Nililala ndani usiku mmoja, kaunti moja ya hapa, kwa kesi isiyo yangu. Majina yangu yote mawili ni majina ya kwanza, hakuna la ukoo, kama Wabongo wengi. Unajua akina John Joseph wako wangapi kwenye jimbo hili? Wazungu, weusi, Wafilipino, wote. Walipolinganisha alama za vidole wakaniachia. Sasa wewe na simu yako utalinganisha vidole vya nani?

Mkwaju
Pole kaka. Ila tuseme ukweli, matatizo ya chama yalianza walipojaa watu wa loteri ya Green Card. Sisi wa viza ya masomo tulichunguzwa.

Binti_Pangani
Tulichunguzwa na nani wewe?

Shemeji_wa_Dallas
Mkwaju ngoja. Mimi ni wa loteri. Ubalozini nilipeleka cheti cha polisi, nikapimwa kifua na damu, nikaulizwa nimewahi kuishi wapi tangu nina miaka 16. Wewe wa masomo ulipeleka matokeo ya fomu siksi na taarifa ya benki ya mjomba, ambayo alikopa ijae wiki moja.

Mkwaju
Mjomba wangu usimguse.

Shemeji_wa_Dallas
Simgusi. Nauliza tu kama pesa zilirudi.

Kamau_wa_Fort_Worth
😂😂 Nyinyi watu. Lakini hapo kwa cheti ndio kuna maana. Kwetu Kenya ukitaka kazi unatoa cheti cha tabia njema cha DCI, wale wapelelezi wa polisi, unalipa kwa eCitizen, tovuti ya serikali, unapigwa alama za vidole zote. Hakuna cha kubahatisha jina. Na karatasi unakabidhiwa wewe mwenyewe, unaipeleka unakotaka. Si jirani kukuchimba saa nane usiku akiwa na chupa yake.

Binti_Pangani
Kamau, Kenya hiyohiyo hukumu zimejaa mtandaoni, za mirathi mpaka za talaka. Nilishasoma ugomvi wa shamba la ukoo mzima, nani alizaa na nani, ng'ombe wangapi. Kwetu TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, nayo vivyo hivyo.

Kamau_wa_Fort_Worth
Hukumu ni sawa. Hakimu amesikiza pande zote mbili, ameandika sababu. Hawa wa hapa wanaanika hata ambaye hajasikizwa.

Babu_Kanzidata
Nimefanya kazi miaka tisa kwenye ofisi ya wakili, si wakili mimi. Mmeruka mengi. Texas ina kaunti 254 na kila moja ina mlango wake. Ukimtafuta mtu Harris umemtafuta Harris tu, kaunti jirani ya Fort Bend hujagusa. Kuna kaunti makosa madogo yako kwa karani wa kaunti, makubwa kwa karani wa wilaya. DPS, idara ya usalama wa umma ya jimbo, wana hifadhi ya jimbo zima unayoweza kutafuta kwa kulipia, lakini hiyo ya umma inaonyesha waliohukumiwa na wale walioahirishiwa hukumu chini ya uangalizi. Hao wa kuahirishiwa wengi huapa hawana rekodi. Wanayo, mpaka wapate amri ya mahakama ya kuifunika umma usiione.

Halafu kuna kufutiwa rekodi kabisa. Ukishinda kesi, au zikifutwa zile zinazokidhi masharti, unaomba, na ukipewa amri unaruhusiwa kisheria kusema hukuwahi kukamatwa. Lakini lazima uombe. Haijifuti.

Mwana_wa_Houston
Mzee, yote yapo wazi kwa ile sheria ya taarifa za umma ya 1973, baada ya kashfa ya Sharpstown. Umma una haki.

Babu_Kanzidata
Sheria hiyo ni ya ofisi za serikali: polisi, meya, shule. Mahakama haimo. Majalada ya mahakama yana kanuni zake. Na kashfa ya Sharpstown ilihusu wakubwa wa siasa kununua hisa za kampuni ya bima kwa mikopo ya benki, sio mhazini wa pilau.

Shemeji_wa_Dallas
Mhazini wa pilau 😂

Mkwaju
Na zile tovuti za picha za jela zinazodai hela ndio zikuondoe? Binamu yangu alilipa.

Babu_Kanzidata
Texas ilitunga sheria ya kuzibana tovuti hizo 2013. Binamu kalipa lini?

Mkwaju
Nyuma kidogo.

Shemeji_wa_Dallas
Binamu wa loteri au wa masomo?

Mkwaju
Nimekwambia familia yangu uiache!

Binti_Pangani
Jamani, mhazini. Nimempata mgombea mmoja, sitaji jina. Kesi ya wizi wa kutumia cheki. Nimetetemeka.

Babu_Kanzidata
Dada, hapa hilo ndilo jina la shtaka hata cheki ya duka ikirudi kwa kukosa salio. Mara nyingi mtu akilipa deni na gharama inafutwa. Soma mstari wa mwisho, safu ya mwenendo wa kesi.

Binti_Pangani
Imeandikwa imefutwa. Dola 84.

Kibarua_wa_Usiku
Na ungeshaiweka kwenye grupu.

Binti_Pangani
Nilishaiweka. Nimeitoa sasa hivi, watu 11 wameiona.

Kamau_wa_Fort_Worth
Yesu wangu.

Mwana_wa_Houston
Bado hajajibu pesa za cheki zilikuwa za nani.

Mkwaju
Mwana_wa_Houston, kwa kuwa tunatafutana, nimekutafuta. Tiketi ya mwendo kasi ya 2019, mahakama ndogo, bado iko wazi.

Mwana_wa_Houston
Ile nililipa.

Mkwaju
Mtandao unasema hujalipa.

Mwana_wa_Houston
Mtandao haujasasishwa, nina risiti.

Kibarua_wa_Usiku
Rekodi haisemi uongo, mkuu.

Mwana_wa_Houston
Risiti iko kwenye gari. Jumatatu nampigia karani.

Shemeji_wa_Dallas
Gari lipi, lilelile la tiketi?