Yule mwalimu wa Whiplash, alimjenga kijana au alimvunja?

Mwana Ngamiani: Wana Tanga, salaam. Jana umeme uliporudi nimeiangalia tena Whiplash, ile filamu ya 2014 ya Damien Chazelle. Hii ni mara ya nne. Andrew ana miaka 19, anasomea dramu za jazz New York, anaangukia mikononi mwa mwalimu Fletcher. J.K. Simmons alipewa Oscar kwa kumcheza huyo Fletcher, na ilikuwa haki yake. Anamrushia kijana kiti. Anamzaba makofi mbele ya wenzake ili ajue kama anaukimbiza mdundo au anauchelewesha. Kijana anapiga hadi mikono inavuja damu, anaitumbukiza kwenye maji ya barafu, anarudi kwenye dramu. Na pale mwisho anaporudi jukwaani akakianzisha kibao cha "Caravan" bila ruhusa ya mtu, mimi siwezi kubaki kwenye kiti. Filamu nzima ilipigwa kwa siku 19 tu! Sasa semeni: bila Fletcher, Andrew yule angepatikana? Mimi nasema hapana. Sisi kila mtu tunamwambia "umejitahidi", ndiyo maana Tanga haijatoa mwanamuziki.

Binti Chumbageni: Mara nne na Sean Casey hukumwona? Yule mwanafunzi wa zamani. Fletcher alilia mbele ya bendi nzima akisema kafa kwa ajali ya gari, kumbe kijana wa watu alijinyonga. Huyo naye alijengwa?

Mgosi wa Makorora: Ya Casey tutayarudia. Kwanza futa hiyo sentensi ya mwisho. Tanga haijatoa mwanamuziki? Bendi ya Atomic Jazz ilikuwa ya wapi? Jamhuri Jazz ilikuwa ya wapi? Unaandika ukiwa Ngamiani kweli wewe?

Mwana Ngamiani: Kaka, zile zilijiita Jazz tu, muziki wenyewe rumba. Na mimi nazungumzia jina la kuvuka mipaka, mfano Simba Wanyika ya Wakenya.

Mgosi wa Makorora: Wakenya!! Wallahi nimeweka chai chini. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walianzia Jamhuri Jazz, hapa hapa Tanga, 1966. Wakahamia Arusha, halafu 1971 wakaiunda Simba Wanyika Nairobi. Nairobi iliwapokea wakiwa wameshaiva.

Mwalimu Mstaafu: Wanangu, shikamooni hamjatoa lakini nawasamehe. Nirudi kwenye filamu. Fletcher anajitetea kwa kisa cha Charlie Parker, yule gwiji wa saksafoni, kwamba mpiga dramu Jo Jones alimrushia sahani ya dramu kichwani nusura amkate shingo, na aibu ile ndiyo ikamzaa Parker. Sivyo ilivyokuwa. Kule Kansas City, Jones aliidondosha ile sahani sakafuni, miguuni pa kijana, kumwashiria ashuke. Mwalimu amekitia kisa chumvi, kisha akajenga juu yake ruhusa ya kupiga watoto. Mimi nimefundisha miaka 31 na kiboko nilikishika, na kanuni ziko wazi: visizidi vinne, na mkuu wa shule aruhusu. Sikumbuki hata mmoja aliyejua kugawanya kwa sababu ya kiboko.

Pwani Kavu: Shikamoo mwalimu. Ila kwa kiboko hapo sikubali. Mimi bila fimbo ya madrasa nisingehitimu hata juzuu moja. Kizazi hiki kimeharibiwa na haki za watoto.

Binti Chumbageni: Kaka Pwani Kavu, ngoja nikwambie la kwangu. Nilikuwa na miaka 13, naimba kwenye kikundi cha taarabu mtaani. Mwalimu wetu akasimamisha mazoezi, akasema mbele ya watu wote sauti yangu ni mlango usiotiwa mafuta. Wakacheka. Dada yangu alipoolewa nikaombwa ubeti mmoja tu, nikashindwa kufungua mdomo. Sijaimba mpaka leo.

Mwana Ngamiani: Pole sana dada yangu. Lakini Fletcher angekujibu kwamba mwenye kipaji cha kweli hakati tamaa.

Binti Chumbageni: Maneno hayohayo aliyasema kwenye filamu, na ni rahisi mno kwake kuyasema. Anayekata tamaa hahesabiwi, basi hesabu itamtoka vizuri kila siku. Usinipe pole halafu ukanipima.

Mgosi wa Makorora: Mwana Ngamiani, hapo umekosea. Muombe radhi.

Mwana Ngamiani: Nimekosea. Niwie radhi dada. Filamu bado naipenda, hilo siwezi kulificha.

Binti Chumbageni: Nami naipenda, nani kakwambia siipendi? Baba yake Andrew anapomtazama mwanawe kupitia upenyo wa mlango, uso ule si wa furaha. Rudi ukamwangalie yeye.

Mzee Raskazone: Nimewasoma kimya. Huo muziki mnaogombania mimi nilijifunzia dirishani. Tulikuwa watoto watatu, mmoja anainama, mwingine anapanda mgongoni, tunatazama vidole vya mpiga gitaa la solo. Usiku mmoja akatuona. Tukadhani maji yatamwagwa. Akageuza kiti, akatupa upande wa mkono wa kushoto, akaendelea kupiga.

Mgosi wa Makorora: Mzee wangu! Bendi gani hiyo, Atomic au Jamhuri?

Pwani Kavu: Atomic hiyo, nina hakika.

Mgosi wa Makorora: Hakika umeipata wapi, ulikuwepo? Mwache mzee aseme.