Kioo cha mbele kupitia bima kubwa, nikubali cha Mchina?

Wakuu habari. Nina Subaru Forester yenye EyeSight (ule mfumo wa kamera unaosaidia gari kujishikia breki), jiwe la lori limenipasulia kioo huku Chalinze na ufa unazidi kutambaa. Bima kubwa ninayo, ila gereji yao wanataka kuweka kioo cha Kichina, cha orijino eti nijazie hela. Nifanyeje?

Mzee wa Spea: Mchina sio tatizo mkuu, Fuyao, kampuni ya vioo ya China, wanawauzia hadi viwanda vikubwa vya magari. Tatizo ni zile kamera mbili juu hapo kwenye kioo, zinaona kupitia hichohicho kioo, sasa kikiwa na mawimbi pale mbele yake breki za kujishikia zinaweza kuchanganyikiwa. Waambie waandike kabisa kwamba kioo ni cha gari yenye kamera na kalibresheni (kuzipanga upya hizo kamera zione sawasawa) watalipa wao.

dada_bodi: Na usome mkataba wako wa bima, mingine kioo kina kikomo chake cha malipo, kikizidi unaongezea wewe.

Fundi Vioo TZ: Gundi ikishapakwa usikubali kuondoka saa hiyohiyo, hata wakikuharakisha. Mtumba achana nao, kukitoa kizima kwenye gari lingine ni bahati nasibu.

Muuliza: Shukrani, nawapigia kesho asubuhi.