Mjadala: Mashairi huru yatangulie kabla ya vina na mizani?

Mwalimu wa Mwanza (mleta mada):
Salaam wadau. Wiki iliyopita niliwapa kidato cha tano shairi moja kutoka Kichomi, diwani ya mshairi Kezilahabi. Nikipita kati ya madawati nikamkuta kijana ameandika kwa penseli mwishoni mwa kila mstari: 7, 11, 4, 9. Alikuwa anahesabu mizani, yaani silabi za kila mstari. Nikamuuliza anatafuta nini. "Natafuta alipokosea, mwalimu."

Simlaumu. Tangu kidato cha kwanza anaambiwa shairi ni mishororo minne, mizani 16, nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (cha pili), kina cha kati na cha mwisho. Akifika kwa Kezilahabi anapewa sentensi moja tu: shairi huru ni lile lisilofuata urari wa vina na mizani. Yaani tunamtambulisha mgeni kwa kutaja alivyoviacha nyumbani. Na Kichomi kilitoka 1974! Nusu karne imepita, bado tunakiita "ushairi wa kisasa".

Nasema mashairi huru yatangulie, hukohuko kidato cha kwanza. Arudhi, yaani hizo kanuni za vina na mizani, ije mtoto akishajua shairi linafanya kazi gani. Leteni hoja, matusi wekeni pembeni.

Mzee wa Tanga:
Mwalimu, unaezeka kabla hujasimamisha nguzo. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, 1954, hakuwa anabuni pingu. Aliandika yale ambayo masikio ya malenga yalikuwa yanayajua zamani. Shairi letu huimbwa. Ukwapi pumzi moja, utao pumzi nyingine. Huyo kijana wako amefundishwa kuhesabu kwa vidole, kusikia hakufundishwa, na sasa unataka kumwondolea hata hivyo vidole.

Halafu hili la watu kusema vina vinabana fikra tumelichoka. Mshairi Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani Kenya, alikofungwa 1969 kwa ajili ya waraka wa kisiasa. Karibu yote ni vina na mizani. Vina havikumfunga, serikali ndiyo iliyomfunga.

Mwalimu wa Mwanza:
Shikamoo mzee. Hilo la Abdilatif sina jibu. Ila Kezilahabi ni mtu wa Namagondo, Ukerewe. Hakulelewa na tenzi za pwani, na wanafunzi wangu wengi ni hivyohivyo, nyumbani ni Kisukuma. Watu walimshambulia kwamba kaiga Wazungu. Mbona nyimbo za bibi zake hawakuziuliza?

Mzee wa Tanga:
Marahaba. Basi waanzishe kwenye hizo nyimbo, usiwaanzishie kwenye karatasi.

Mtahiniwa wa zamani, Kenya:
Mnazunguka tu, shida ni mtihani. Huku kwetu kwenye karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili ushairi haukosi, na maswali yake yanajulikana kama nyimbo za kanisani. Juzi nilikuwa namsaidia mdogo wangu na karatasi ya majaribio. Shairi huru kabisa, mistari mingine neno moja. Swali: "Eleza jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake." Sasa jamani, uhuru huo ni kama inkisari, kufupisha neno, na mazida, kulirefusha: njia za mtu aliyebanwa na mizani. Huyu hajabanwa na chochote, apunguze silabi ili iweje? Mdogo wangu akapekua weee, mwisho akakuta "babangu". Akaandika: inkisari. Akapata alama mbili. "Babangu" hata mimi nasema nikiomba chumvi.

Swali la kuandika ubeti kwa lugha ya nathari, yaani maelezo ya kawaida, ndilo lilinimaliza. Aliunganisha mistari, akatia vikomo, na hapo pia akapewa alama.

Mama wa kidato cha nne:
Mimi ni mzazi tu. Mkimaliza kubishana, mniambie mwanangu ajibu nini mwezi wa kumi na moja.

Mwalimu wa Mwanza:
Mama, ajibu walivyomfundisha, kwa mwaka huu hana ujanja. Samahani, ndiyo ukweli.

Ila mdau wa Kenya amenigusa. Jana nilijaribu kitu. Niliandika ubaoni sentensi yangu mwenyewe, bila nukta katikati: Mama katoka sokoni na kapu tupu akacheka. Nikawaambia, ikateni iwe shairi, mwenye sababu ndiye mshindi. Wengi walikata baada ya "sokoni" ili pande mbili zikaribie kulingana, mazoea. Mmoja akaliacha "tupu" peke yake kwenye mstari, eti tulione kapu lenyewe. Kisha binti mmoja wa nyuma, ambaye hata kitabu huwa hafungui, akaandika:

Mama katoka sokoni na kapu
tupu akacheka

Darasa likapiga kelele, umekosea, kapu ndilo tupu! Akasema, "Na kicheko pia." Tulibishana mpaka kengele ikalia, na hakuna aliyehesabu mizani.

Mtahiniwa wa zamani, Kenya:
Huo ndio mshata, mstari unaomalizia maana yake kwenye mstari unaofuata! Tulikaririshwa maana yake tu, hakuna aliyetuonyesha unafanya nini.

Mzee wa Tanga:
Binti ana sikio. Uliwasomea kwa sauti hizo namna mbili?

Mwalimu wa Mwanza:
Hapana mzee. Ubaoni tu.

Mzee wa Tanga:
Haya, rudi darasani.