Mjadala: Kwa teknolojia ya leo, binadamu anaweza kuhamia Mirihi?

Mleta hoja (mwalimu, Buruburu): Kila nikipanda matatu nasikia Mirihi ni suala la pesa tu. Nakataa. Kufika, huenda tukafika. Kuishi huko bila kungoja mzigo kutoka duniani, bado sana. Anzeni na hewa. Gari la Perseverance, lile la NASA lililotua Mirihi, lilibeba MOXIE, mtambo wa kutoa oksijeni kwenye hewa ya kule, ambayo karibu yote ni kaboni dioksaidi. Kati ya 2021 na 2023 uliwashwa mara 16, ukatoa jumla ya gramu 122. Mtu mmoja hutumia takriban gramu 840 kwa siku. Haya, pigeni hesabu.

Kijana wa Kasarani: Mwalimu, kwa heshima, hapo umeuonea. Huo ulikuwa mtambo wa majaribio wa kilo 17, na ulifanya kazi! Si watengeneze mkubwa? Maji nayo, kituo cha kimataifa cha anga za juu kilifikia kurejesha asilimia 98 mwaka 2023, jasho na mkojo ndani. Mnataka nini tena?

Mama Pampu, Donholm: Vipuri, kijana wangu. Mimi riziki yangu ni pampu. Kapasita, kile kifaa kidogo cha kuwashia mota, ikiungua, ploti nzima inabaki kavu, lakini natuma mtu wa boda maduka ya Luthuli mjini alete nyingine, na kabla ya saa nane maji yanapanda tangini. Kule nafasi nzuri ya kurusha roketi huja kila baada ya miezi 26 hivi, halafu njiani miezi saba. Huo mtambo mkubwa wa oksijeni ukiungua kapasita, mtavuta nini?

Mkazi wa Kibra: Kwanza hao wa maroketi waje wachukue vyuma vyao. Desemba 2024 pete ya roketi ya kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni.

Mleta hoja: 😂 Hilo lina mjadala wake. Mama Pampu kamaliza. Naongeza Biosphere 2, jengo la majaribio lililozibwa kabisa kule Arizona, Marekani: mwaka 1991 watu 8 walijifungia humo miaka miwili. Oksijeni ikashuka kutoka asilimia 20.9 hadi 14 hivi, ikabidi waongezewe kutoka nje. Vijidudu vya udongoni viliila, na kaboni dioksaidi viliyoitoa ikanywewa na saruji ya jengo. Na hapo mlangoni kuna barabara ya lori.

Kijana wa Kasarani: Sawa, tuanze na kituo kidogo cha zamu, kama Antaktika. Watu wanaenda, wanarudi.

Mleta hoja: Zamu nakubali, siku moja. Ila hiyo si kuhamia, na Antaktika hewa ni ya bure.

Mama Pampu, Donholm: Na mimba je? Mvutano wa kule ni asilimia 38 ya huu wetu. Waliokaa muda mrefu zaidi Mwezini, ambako mvutano ni mdogo hata zaidi, ni wale wa safari ya Apollo 17 mwaka 1972. Walikaa saa 75 tu; mimba ni miezi tisa.